Sufuria ya bibi yenye kitako cha shaba, ni salama?

Mama Ujiji: Habari za humu ndugu zangu. Nimerithi sufuria ya marehemu bibi, ndani stenlesi, kitako shaba, chini imeandikwa Revere Ware. Mwaka wa nne huu napikia migebuka kwa mawese na ndimu, haijatoboka. Juzi nimeona ukijani kitakoni. Shemeji anasema ni sumu, niitupe. Kweli?

Fundi bati: Dada, usitupe! Shaba iko nje, chakula hakiigusi. Ule ukijani ni kutu ya shaba; sugua kwa ndimu na chumvi, suuza, futa. Ya kuogopa ni ile ya shaba tupu iliyopakwa bati ndani. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu, ukiisahau kavu motoni imekwisha. Bati likitoka, ndimu na ukwaju hula shaba, na tumbo litakusimulia.

Mwanga: Kaangalie kama kitako kimevimba.

Mama Ujiji: Nimesugua, inang'aa! Kimevimba kidogo, kwenye gesi inacheza, kwenye mkaa imetulia. Shemeji nimempikia humo humo, kala sahani mbili.