Whanganui au Wanganui: ipi ni sahihi, na inatamkwaje?

kalamu_nyeusi
Wakuu, nahariri tafsiri ya andiko la Kiingereza kuhusu Nyuzilandi. Ukurasa mmoja una "Wanganui", unaofuata una "Whanganui", kwingine jina ni la mto na si la mji. Ni makosa ya uchapaji au ni mahali pawili? Nisawazishe yote? Andiko litasomwa kwa sauti pia, kwa hiyo nahitaji matamshi, na maana kwa ajili ya tanbihi.

mtafsiri_wa_zamu
Ni jina moja, la mto na la mji ulio mlangoni mwa mto huo, pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kaskazini. Usisawazishe kabla hujatazama kila sentensi inasema habari za nini.

Walowezi waliuita mji Petre, na mwaka 1854 ukawa Wanganui. Mto uliandikwa rasmi kwa h kuanzia 1991. Mji ndio uliozua mvutano: mwaka 2009 wakazi wengi waliikataa h katika kura ya maoni, Bodi ya Jiografia ya Nyuzilandi ikapendekeza iwekwe, na Desemba serikali ikaruhusu tahajia zote mbili. Mwishoni mwa 2015 wilaya ya mji huo ikaandikwa rasmi Whanganui. Mkoa ulifuata 2019, sasa ni Manawatū-Whanganui.

Katika maneno ya mwandishi weka Whanganui, hata anaposimulia karne ya 19. Nukuu, majina ya vitabu na majina ya sheria yaache yalivyochapwa. Amri ya kubadilisha yote kwa mkupuo ndiyo inayoharibu kazi. Mfano: kuna sheria ya 1976 iliyoanzisha kituo cha kompyuta cha serikali mjini humo, na jina lake lina Wanganui. Kwa Kiingereza cha kule "kompyuta ya Wanganui" lilikuwa jina la mfumo mzima wa kumbukumbu za polisi, mahakama na madereva. Ukichomeka h hapo, umebuni jina ambalo halikuwapo.

sauti_na_irabu
Maana: jina ni la Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa Nyuzilandi. *Whanga* ni ghuba au mahali maji ya bahari yanapoingia nchi kavu, *nui* ni kubwa. Utaikuta *whanga* hiyohiyo katika Whangaroa na Whangamatā. Kama kitenzi, *whanga* ni kungoja, ndiyo maana baadhi ya maelezo hutaja "kungoja kwingi". Kwa tanbihi ningeandika "ghuba kubwa" na kuishia hapo.

Matamshi: irabu tano za Kimaori msomaji wa Kiswahili anazo tayari, na *r* yao ni kama yetu. Kosa litatokea kwenye *ng*, maana hiyo ni ya ng'ombe, si ya ngoma. Mkazo nao usianguke kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea, uwe kwenye *Wha*.

Sasa *wh*. Sehemu nyingi za nchi husikika karibu na *f*: Whakatāne huanza na "fa". Lakini lahaja ya mto Whanganui haina *f* hiyo. Wenyeji hutamka *w* inayokatizwa kooni, karibu na w'ang'anui. Wazungu wa mwanzo walisikia *w* tupu wakaandika W. Ile h, basi, inasimamia sauti iliyopo kweli, na ndiyo iliyopiganiwa. Msomaji wako akishindwa kukata koo, aseme *w* laini. *F* nzito hapa humtambulisha kuwa mgeni.

mpanga_herufi
Angalia pia mstari juu ya irabu. Whanganui haina, Manawatū inao. Unaonyesha irabu ndefu, kama *a* ya taa ikilinganishwa na ya ta. Watu wa Waikato, eneo jingine la Kisiwa cha Kaskazini, wao huandika irabu mara mbili, Maaori; ukikuta hivyo kwenye jina la taasisi yao, usisahihishe.

Kwenye kompyuta sakinisha mpangilio wa kibodi wa Kimaori: katika Windows bonyeza kitufe cha ` kisha irabu. Kwenye simu shikilia herufi hadi machaguo yatokee. Ukiona Manawatü yenye vitone, faili ni la zamani. Fonti za wakati huo hazikuwa na nafasi ya ū, hivyo walichora mstari mahali pa ü, na ukifungua kwa fonti nyingine vitone vinarudi. Hapo badilisha, lakini neno kwa neno, kwa sababu majina ya Kijerumani yana ü halali.

kalamu_nyeusi
Asanteni sana. Kuna sehemu imeandikwa Te Whanganui-a-Tara. Ni mto huohuo?

mtafsiri_wa_zamu
Hapana, hiyo ni bandari ya Wellington, "ghuba kubwa ya Tara", mbali kusini. Usiikate ikabaki Whanganui. Na ukikutana na Te Awa Tupua, usiliweke kama jina jingine tu la mto: sheria ya 2017 inalitumia kwa mto mzima kuanzia milimani hadi baharini, pamoja na vijito vyake na yote yaliyomo, ya kuonekana na ya kiroho. Hicho kizima ndicho kilichopewa nafsi ya kisheria, yaani kihesabiwe kama mtu mbele ya sheria.

kalamu_nyeusi
Na faharasa?

mpanga_herufi
Ingizo moja, Whanganui. Kisha kwenye Wa- weka "Wanganui, tazama Whanganui", kwa sababu Wellington na Westport zitaingia katikati, na anayetafuta kwa tahajia ya zamani hatafika huko chini.