Udongo wa mfinyanzi chini ya eneo la kuegesha ndege: tuuondoe au tuutie chokaa?

Mwanafunzi wa Changamwe
Assalaam alaikum, ndugu wahandisi. Katika zoezi la usanifu tulilopewa chuoni tunatakiwa kupendekeza matabaka ya eneo la kuegesha ndege kubwa upande wa Port Reitz, Mombasa bara. Huku si kama kisiwani penye mwamba wa matumbawe. Aghalabu ukichimba unakutana na mfinyanzi uliotokana na miamba tabaka ya enzi ya Jura. Katika mfano wa zoezi, CBR (kipimo cha nguvu ya udongo kubeba mzigo) ya udongo mkavu ni 14, na baada ya kuloweshwa siku 4 inashuka hadi 3. Nitumie ipi? Mwenzangu anashikilia kwamba maji hayatafika chini ya zege.

Mhandisi wa viwanja
Waalaikum salaam. Tumia 3 bila kusita. Katika mfumo wa zamani wa PCN (namba ya uwezo wa sakafu ya uwanja kubeba ndege), kwa sakafu za lami, udongo wenye CBR inayozidi 13 uliwekwa daraja A, na ulio chini ya 4 daraja D, kwa hiyo udongo wako huohuo unatoka daraja la juu kabisa hadi la mwisho kwa sababu ya maji tu. Tangu Novemba 2024 ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inatumia ACR (mzigo wa ndege) na PCR (uwezo wa sakafu), ambapo daraja hutokana na ugumu wa udongo, na D ni chini ya megapaskali (MPa) 60.

Hoja ya mwenzako ina kasoro moja kubwa. Zege huzuia mvuke kutoka, hivyo unyevu hujikusanya polepole chini yake hata mvua isipopenya, ilhali kingoni udongo huvimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi. Tofauti hiyo ya mwendo ndiyo inayopasua maungio ya zege, kwa hiyo mifereji ya kingoni ipewe uzito uleule unaopewa unene wa zege.

Fundi wa maabara, Mikindani
Mimi naunga mkono kuuimarisha udongo kwa chokaa badala ya kuuondoa, kwa sharti moja: pimeni salfeti (aina ya chumvi) kwanza. Udongo wenye salfeti nyingi ukikutana na chokaa na maji huunda fuwele zinazovimba, na kazi yote huinuka baada ya kukabidhiwa. Kiasi cha chokaa kitafutwe kwa pH (kipimo cha asidi na alikali), yaani asilimia ndogo kabisa inayofikisha mchanganyiko kwenye 12.4, kisha sampuli iloweshwe na uvimbe wake upimwe.

Mhandisi wa viwanja
Nakubaliana naye, ila chokaa hutibu tabaka la juu tu. Uzito wa gurudumu hufifia kadiri unavyoshuka, lakini kifusi cha kuinua eneo pana hukandamiza udongo hadi kina kirefu. Kule Kansai, Japani, uwanja uliofunguliwa mwaka 1994 juu ya kisiwa cha kujazwa, nguzo za mchanga zilitoa maji kwenye mfinyanzi wa juu, lakini mfinyanzi wa chini zaidi ukaendelea kubonyea kwa miaka mingi. Ikiwa mpango wenu unakaribia mikoko ya hori, kina cha mashimo ya uchunguzi kifuate upana na kimo cha kifusi, si uzito wa ndege.

Mwanafunzi wa Changamwe
Shukran sana. Eneo letu linagusa hori upande mmoja, kwa hiyo nitaongeza mashimo marefu huko, na salfeti nitaipima kabla ya kupendekeza chokaa.