Hivi kweli mtu mzima na akili zake ananitumia KALENDA?

Migomba Mikavu (mleta uzi):
Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka usharikani sasa hivi, mikono inatetemeka, naandika kabla hasira haijapoa kwa sababu ikipoa nitaanza kumtetea.

Mnamjua. Sitamtaja, sina haja. Yule wa Moshi, mratibu wa mambo yote yasiyo na hela, anayeanza kila ujumbe na "Wapendwa wasanii". Ndiye aliyetukusanya tubadilishane kazi za mikono kwa posta. Masharti aliyaandika mwenyewe, marefu kuliko katiba ya vikoba: kadi iwe milimita 64 kwa 89, ule ukubwa ambao wasanii duniani wanabadilishana tangu Mswisi mmoja alipoufungulia maonyesho Zurich mwaka 1997. Iwe ya mkono. Haiuzwi, inabadilishwa tu. Nyuma uandike jina lako, jina la kazi na tarehe. Tumtumie zote kwenye sanduku lake, achanganye, kila mtu arudishiwe ya mwenzake.

Sawa. Nikatengeneza. Majani makavu ya mgomba, nimeyachagua Tengeru jani kwa jani, ya kahawia, ya dhahabu na yale yaliyoungua kidogo. Nikayapiga pasi. Nikamkata mama amebeba mkungu, mkungu una chana, chana zina ndizi, na kila ndizi nimeibandika kwa kibano cha nyusi. Kwenye milimita 64! Nilikuwa sipumui nisije nikapeperusha ndizi.

Sasa mnajua posta haitufuati nyumbani, mimi natumia sanduku la usharika. Katibu kaniita, bahasha imefika. Mle ofisini kuna kina mama wa kwaya wanasubiri risiti, kuna mzee wa kanisa, kuna bwana harusi kaja kuandikisha ndoa. Nikawatangazia wote. Nikasema subirini muone sanaa. Tena bahati imeniangukia mimi, nimepata kadi ya mratibu mwenyewe. Nikafungua.

Twiga. Anang'aa. Nikasema loh, huyu mtu kumbe anachora!

Katibu akaichukua, akaigeuza, akavua miwani, akaivaa tena, akaniuliza taratibu kabisa: "Mbona ni Machi?"

MBONA NI MACHI.

Ni kalenda ya mezani, wakuu! Zile za kugawiwa maofisini mwisho wa mwaka. Kaikata na mkasi, tena kapindisha. Nyuma kuna Jumatatu, Jumanne, Jumatano, 9, 10, 11, zinashuka hadi 31, na chini nusu ya namba ya simu ya hiyo ofisi. Masharti si yalitaka tarehe nyuma? Kaziweka, tena kwa wingi.

Kwaya ilicheka kwa sauti nne.

Nikampigia palepale. Kanijibu: "Mpendwa, hata huo mkasi niliushika kwa mkono." Mkasi. Aliushika. Kwa mkono. Na mimi nilikuwa na mama mwenye mkungu, sasa nina Machi, tena Machi yenyewe nusu.

Mbona ni Machi! Mtu anaulizwa hivyo mbele ya bwana harusi!

Nipo Tu:
Nimekaa pale.

Chalii wa Sakina:
Tupia picha. Uzi bila picha ni porojo.

Migomba Mikavu:
Picha ya nini? Una kalenda mezani? Fungua Machi.

Jicho Kavu:
Subiri nielewe. Hakuna hela hapo?

Migomba Mikavu:
Hakuna, ni kubadilishana.

Jicho Kavu:
Kwa hiyo umetoa kikaratasi bure, umepata kikaratasi bure, na unalia. Mimi namdai mtu wa Usa River laki tatu na nimetulia nakula chipsi.

Bibi Batiki:
Pole mwanangu. Siku nyingine kadi iweke katikati ya vipande viwili vya boksi, ifunge kwanza kwenye nailoni maana mvua za masika hazina adabu, ndipo uweke kwenye bahasha ya kaki. Na uipeleke kwa rejesta upewe risiti.

Migomba Mikavu:
Mama, shikamoo. Kadi haikukunjika, haikulowa, haikupotea. Ilifika salama salmini. Hilo ndilo linaloniuma!

Hadibodi:
Mleta mada, kosa lipo kwenye jicho. Umeona twiga anang'aa ukadhani rangi. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kazi Dar es Salaam miaka ya 1960 alipaka rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, ndiyo maana zile picha zinang'aa. Ile rangi ina unene, ukipitisha ukucha unakwama kwenye madoa. Karatasi ya kalenda inateleza tu. Ungepitisha ukucha ungejua kabla ya katibu.

Migomba Mikavu:
Nipitishe ukucha mbele ya wazee wa kanisa? Na huyo marehemu katutoka tangu 1972, mwache apumzike, asije akasikia mbona ni Machi.

Soprano wa Pili:
Mimi nilikuwepo ofisini. Mleta uzi kuna kitu kawaficha. Katibu alipouliza mbona ni Machi, alijibu: "Machi ndilo jina la kazi." Akakomaa hapohapo, akatueleza habari ya mwanga wa mwezi wa tatu na twiga kusubiri mvua. Tulikuwa tumeshaanza kuamini. Bwana harusi ndiye aliyesoma namba ya simu.

Chalii wa Sakina:
🤣🤣🤣 Twiga anasubiri mvua

Jicho Kavu:
Bwana harusi apewe kadi ya mwaliko ya milimita 64.

Migomba Mikavu:
Soprano, tutaonana Jumapili. Na wewe ndiye uliyecheka juu kuliko wote.

Soprano wa Pili:
Ndiyo sauti yangu.

Mangi wa Soweto:
Hapo kwenye "yule wa Moshi" naomba heshima kidogo. Moshi ni mji msafi, hatutupi takataka ovyo. Hata kalenda ikiisha tunaitafutia kazi.

Chalii wa Sakina:
Kazi yenyewe ni kututumia sisi huku Arusha?

Mangi wa Soweto:
Nyie si mnapenda picha? Mnara wa saa mnawaambia watalii uko katikati ya Cairo na Cape Town, wanapiga picha mpaka simu zinazima. Leo twiga wa bure mnamkataa.

Chalii wa Sakina:
Na mnara wenu uko katikati ya nini?

Mangi wa Soweto:
Katikati ya watu wanaowahi kazini.

Mama Junia:
Samahani, nami nilikuwemo kwenye huo mzunguko. Nilipata kadi nzuri sana, mama kabeba mkungu wa ndizi, imetengenezwa kwa majani makavu. Nimekuwa najiuliza ni ya nani maana nyuma jina limeloa chai.

Migomba Mikavu:
YANGU HIYO! Iko wapi? Umeiweka kwenye fremu?

Mama Junia:
Iko kwenye friji. Kwenye mlango, kwa nje. Ila mdogo wake Junia alizing'oa ndizi mbili akazitia mdomoni. Usijali, zilitoka.

Migomba Mikavu:
Ndizi mbili???

Mama Junia:
Na kichwa cha yule mama kidogo.

Nipo Tu:
Bado nimekaa, nimeongeza na kahawa.

Migomba Mikavu:
Mimi kibano cha nyusi kimeniachia alama kidoleni hadi leo! Mtu anakata kalenda kwa dakika moja, tena labda alikuwa anaongea na simu, halafu kazi yangu inaliwa na mtoto! Na mimi ndiye ninayeulizwa mbona ni Machi!

Mfinyanzi:
Afadhali yako iliyoliwa. Mimi nilisema posta inachelewa, nikatuma chungu changu kidogo kwa basi, Arusha hadi Moshi, kilomita themanini tu, nikakifunga na matambara, nikaandika KINAVUNJIKA. Aliyekipokea kule kanipigia: "Vimefika." Nikamwambia nilituma kimoja. Akasema: "Kwangu vimefika saba."

Jicho Kavu:
Hiyo ni faida.

Mama wa Mapindo:
Mimi naomba niseme langu maana limenikaa rohoni. Tulibadilishana vipande vya kanga vya kushonea mito. Mwenzangu, naye mnamjua, nikamtumia pindo safi na jina lake zima halijakatwa herufi. Yeye kaniletea mji mtupu, ile sehemu ya katikati tu. Pindo hamna, jina, yale maneno ya kanga, hamna. Sasa kanga haina jina nitaiweka sebuleni imwambie nini jirani?

Bibi Batiki:
Huyo ni yule mwenye pacha? Mimi kanipa batiki inayochuja. Niliifua na mashuka ya wageni, wageni wakaondoka na rangi.

Mama wa Mapindo:
Huyohuyo! Nilijua siko peke yangu!

Migomba Mikavu:
Jamani, naomba turudi kwenye kalenda.

Hadibodi:
Kalenda tumeshaielewa mkuu. Hiyo Machi itie fremu ya kioo, itundike. Ukiwa na kioo hata namba ya simu inapendeza.

Kona ya Kijenge:
Msinitajie fremu. Naomba sana. Kuna fundi fremu mmoja, mnamjua, ana picha yangu ya ubatizo wa mtoto. Mtoto sasa yuko darasa la kipaimara.

Bibi Batiki:
Yule anayesema kioo kinatoka Nairobi?

Kona ya Kijenge:
Mwenyewe. Kioo kinatoka Nairobi, kimekwama Namanga, kila mwaka.

Mangi wa Soweto:
Ngoja kwanza. Huyu ni yule mwenye kibanda cha bluu? Aliyekuwa Moshi akahamia Arusha?

Kona ya Kijenge:
Alihama kwa sababu yenu.

Mangi wa Soweto:
Huyo ana picha ya marehemu baba! Alisema tuje kuichukua asubuhi ya msiba. Hayupo. Ikabidi tuegemeze simu yangu kwenye maua, picha ya baba ikiwa kwenye skrini. Katikati ya ibada wakapiga watu wa mikopo. Baba akawa anatetemeka pale mbele za watu.

Soprano wa Pili:
Uwiiii. Na kwaya yetu anayo! Picha ya mashindano, tumevaa sare mpya. Sare zimeshachakaa, tumeshona nyingine.

Mfinyanzi:
Mimi nilimlipa nusu. Akasema nusu inatosha kuanza. Sijui kaanza nini.

Jicho Kavu:
Kaanza kibanda kingine. Kipo Njiro, cha kijani.

Mama Junia:
Hee, cha kijani nimepeleka picha wiki hii.

Kona ya Kijenge:
Pole dada. Tukutane kwenye kipaimara.

Migomba Mikavu:
Kwani huyo fundi ana kijidevu na anaita kila mtu bosi?

Kona ya Kijenge:
Bosi, ndiye.

Migomba Mikavu:
Mshenzi yule! Ana vioo vyangu viwili!

Chalii wa Sakina:
Oya, tumpigie wote kwa mpigo. Nitupieni namba inbox.

Mfinyanzi:
Nimempata, kapokea! Ana heshima kweli, kasema "bosi, nisamehe, niko Kikatiti nakuja na mzigo wote, nusu saa niko mjini."

Mangi wa Soweto:
Kikatiti ipi? Niko naye hewani kwenye simu ya mke wangu, anasema yuko Himo.