Mrejesho: ofa ya pizza ya Jumanne, nipeleke majumbani au nisipeleke?

Habari zenu ndugu zangu. Niliwauliza kama duka langu la pizza hapa Mtwara mjini lipeleke majumbani hata zile za ofa, 8,000 badala ya 15,000. Wengi mlisema nisithubutu.

Nilikaa na daftari. Unga, jibini, kuku, gesi na boksi vinakula 6,500. Inabaki 1,500, na boda wa Shangani anataka 2,000. Mikindani ndiyo usiseme, hashuki chini ya 5,000, na pizza inafika jibini limeganda kwenye kifuniko cha boksi. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi, maana mtu anaonja kazi yangu ikiwa imeharibika.

Sasa ofa ni ya kuja kuchukua. Anayetaka kuletewa aagize kuanzia mbili na boda alipe mwenyewe, anaambiwa mapema. Jumanne ya kwanza simu zilipungua. Mama mmoja wa Magomeni, ana watoto wadogo, alilalamika hawezi kutoka usiku, na alikuwa na haki. Tukakubaliana aagize pamoja na jirani zake: pizza tatu, boda mmoja. Wiki hii wameagiza tena.

Aliyenikumbusha kuhesabu boksi, asante sana. Nilikuwa siliweki kabisa kwenye hesabu.