Wauza nyuzi wa Kampala, acheni kubandua karatasi kwenye madonge ya sufu!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuipunguza.

Mtoto wa kaka yangu anaoa Kabale Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi ndiye shangazi yake. Kule milimani asubuhi za mwezi wa saba watu wanatoka nje na blanketi mabegani, kwa hiyo nikasema zawadi yangu haitakuwa sufuria. Nitawafumia soksi za sufu, jozi mbili za milia inayofanana, ya bwana na ya bibi. Mizunguko minane myekundu, minne myeupe, kisigino chekundu. Kijana anavaa kiatu namba 44, bibi harusi 39, basi nikaweka vitanzi 72 kwa mume na 60 kwa mke, na milia nikaipanga ianzie juu pamoja, ili wakikaa kiti kimoja ilingane. Sindano tano za milimita 2.5, mwezi mzima, na umeme ukikatika nafuma kwa tochi ya simu.

Nyuzi nilinunua duka moja katikati ya mji. Madonge matano ya gramu 50, mekundu matatu, meupe mawili, shilingi 15,000 kila moja. Hakuna hata moja lililokuwa na karatasi yake ya kiwanda. Nikauliza. Muuzaji akajibu: "Nnyabo (yaani mama), zinachanikaga kwenye gunia." Nikaomba nilowanishe kinyuzi chekundu nikifinye kwenye leso nyeupe. Akakataa, eti hawakati donge. Akaniapia kwamba haichuji.

Niseme haki: sufu ni sufu. Nilichoma kipande nyumbani, kikanuka nywele zilizoungua, kikawa majivu ya kusagika. Uzi wa plastiki ungeyeyuka ukaganda kidonge cheusi. Hapo hakunidanganya.

Lakini ile karatasi ina namba mbili, ya rangi na ya pishi, yaani madonge yaliyotiwa rangi kwenye chungu kimoja. Pishi likibadilika, wekundu nao unabadilika, hata kama jina la rangi ni lile lile. Chini ya taa ya duka huoni kitu. Nilipomaliza nikazitoa uani juani: soksi za mume zimeelekea kutu, za mke zimeelekea nyanya. Za kufanana, jamani!

Nikajipa moyo, nikaziosha kwa maji ya uvuguvugu ili vitanzi vitulie kabla ya kuzifunga. Sikumaliza hata dakika tano. Beseni likawa jekundu kama juisi ya rozela, na milia yote myeupe ikawa rangi ya ufizi. Nilisuuza mara saba, maji bado mekundu. Rangi ya sufu hufungwa kwa asidi na moto, kisha ziada husuuzwa mpaka maji yatoke meupe. Uzi huu, naona, ulitolewa chunguni kabla ya wakati, na mtu aliyeubandua karatasi amehakikisha sitajua ulitoka kiwanda gani.

Nikarudi dukani na soksi mkononi, bado zina unyevu. Jibu lake: "Nnyabo, si ungenunua tu za mtumba? Nani anafuma soksi siku hizi?" Mbele ya wateja. Hakurudisha hata shilingi.

Anafuma shangazi! Anafuma kwa sababu soksi ya dukani haijui mguu wa mtu, na hii nilijua kila kidole kitakaa wapi. Mtu amechukua 75,000 yangu na mwezi wangu, halafu ananicheka.

Mnaouza nyuzi na mnasoma hapa: acheni karatasi kwenye donge. Ikichanika, andikeni namba kwa kalamu. Na mteja akiomba kulowanisha kinyuzi, mpeni, ni urefu wa kidole tu.

Mwenye kujua duka Kampala, au hata Mbarara njiani, linalouza sufu nyekundu ikiwa na karatasi yake, aniambie leo. Nimebakiwa na siku tisa. Nitaanza na za bibi harusi.