Nyie mnaohamisha tagi ya Git (jina linaloonyesha msimbo wa toleo fulani) ya toleo lililokwisha kutoka, acheni!

Wakuu, hii tabia imezidi. Mtu anaachia v1.4.2 ya kifurushi cha ndani cha lugha ya Go asubuhi, mchana anaona kosa, jioni anapiga `git tag -f v1.4.2` na `git push --force origin v1.4.2`, yaani jina lilelile sasa linaonyesha msimbo mwingine, halafu anakaa kimya. Eti repo ni ya ndani, hakuna anayeona. Wanaona wote wanaokitumia!

Kila mradi unaotumia hicho kifurushi una faili la go.sum, na humo v1.4.2 ina hashi yake (alama ya kipekee inayotokana na msimbo wenyewe) inayoanza na `h1:`. Mashine yako ina nakala ya zamani kwenye kache (hifadhi ya vilivyokwisha pakuliwa), kwa hiyo `go build` inapita. Seva ya CI, ile inayojenga na kupima msimbo yenyewe, haina kache, inavuta upya, inakuta msimbo mwingine, inagoma: `checksum mismatch`, na chini yake `SECURITY ERROR`. Ndipo tunajibiwa "mbona kwangu inafanya kazi". Inafanya kazi kwa sababu bado unajenga msimbo wa zamani.

Tiba yao sasa ndiyo inayokera kabisa. Anafuta go.sum, anaendesha `go mod tidy` iliandike upya. Kama hajapiga `go clean -modcache` kwanza, hashi inayorudi ni ileile ya zamani, maana imesomwa kwenye kache. Akisafisha kache, yeye anapona, na wenzake wote wenye nakala ya zamani wanaanza kugomewa. Na kumbukeni, ukishaweka GOPRIVATE (mpangilio unaoiambia Go kuwa kifurushi ni cha ndani), sum.golang.org, ile orodha ya umma ya hashi, haiulizwi. Shahidi pekee aliyebaki ni hiyo go.sum, nanyi mnaifuta!

Git nayo haiwasaidii. Tangu 2.20, `git fetch --tags` haifuniki tagi uliyonayo, inakataa kwa `would clobber existing tag`. Watu wawili wanasoma v1.4.2 mbili tofauti na kubishana saa nzima. Anayeshuku alinganishe `git show-ref --tags v1.4.2` na `git ls-remote --tags origin v1.4.2`. Hashi zikitofautiana, kuna mtu kaihamisha.

Umekosea? Toa v1.4.3. Ndani ya go.mod (faili la maelezo ya moduli, yaani hicho kifurushi) ya hiyo v1.4.3 andika `retract v1.4.2`, yaani toleo hilo lisitumike, na sababu pembeni yake. Kuanzia Go 1.16 inatambulika. Namba haziuzwi.

Na wale wanaobadilisha vigezo vya funkisheni halafu wanaiita v1.4.3 kwa kuogopa kuandika `/v2` mwisho wa njia ya moduli na kwenye kila import: hiyo ni v2.0.0, hakuna mjadala. Uvivu wako usituvunjie miradi.

Wenye repo, GitLab na GitHub zote zinaruhusu kulinda tagi za `v*` zisifutwe wala kusukumwa kwa nguvu. Nani humu kaiwasha, na nani bado?