Mnaopenda kukimbia, hebu nielezeni mnapata nini

MamaWawili_Kimara:
Habari za jioni wapendwa. Mume wangu ana miaka 41 na hakuwahi kuwa mtu wa mazoezi. Septemba 2025 alimwona Alphonce Simbu kwenye runinga akichukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, akimpita Mjerumani mstarini kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Alilia. Wiki iliyofuata akanunua raba za mtumba Karume, na tangu hapo saa kumi na nusu usiku anakuwa ameshatoka. Hajajiandikisha mashindano yoyote. Anarudi amelowa jasho, uso umetulia kama mtu aliyetoka kusali. Nikimuuliza anapata nini, ananiambia, "Siwezi kukueleza." Sigombani naye. Nataka kuelewa tu, maana naona ni kitu kikubwa kwake na mimi nimebaki mlangoni.

RabaNyekundu:
Dada, kwanza mwambie avae fulana inayong'aa. Morogoro Road saa hizo dereva wa lori hakuoni mpaka amekufikia. Mimi nilianza kwa sababu ya sukari, daktari alinishauri, kwa hiyo ilikuwa dawa. Sasa ni mwaka wa tatu, na siku nisipokimbia najiona sijaamka. Wenye maneno watakueleza vizuri zaidi.

MwalimuMstaafu_Karatu:
Binti yangu, nina miaka 62, nimekimbia tangu utotoni na sijawahi kushinda kitu. Karatu ndiko alikotoka Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, tena akiongoza tangu mwanzo, wakati wengi walizoea kuvizia nyuma na kuchomoka mwishoni. Shule nzima tukaanza kukimbia kama Bayi: filimbi ikilia, unatoka kwa nguvu zote. Mzunguko wa pili pumzi imekwisha, umeshika magoti. Ilinichukua miaka kujua kwamba ninachokipenda kiko mbele zaidi, mahali ambapo utotoni sikuwa nafika.

Natoka nyumbani kufuata njia ya vumbi upande wa Rhotia. Kilomita 2 za kwanza ni mbaya. Mpaka leo ni mbaya. Miguu mizito, kifua kimebana, na Julai ukungu unaingia hadi kwenye meno. Halafu karibu na mikaratusi kuna kamwinuko, na nikishakamaliza, pumzi inakaa. Sina neno lingine. Hatua tatu kuvuta, hatua tatu kutoa, bila kuhesabu. Hapo ndipo masikio yanafunguka: nasikia changarawe chini ya mguu, nasikia ndoo za wanaokwenda kisimani. Naona ng'ombe wa jirani amezaa.

Mwaka juzi goti lilinizuia miezi minne. Nilidhani nitakosa nguvu. Nilichokosa ni barabara. Siku niliyorudi nilikuta maharage yameshavunwa, shamba tupu, na mimi niliyaacha yana majani mawili mawili. Niliumia kama mtu aliyekosa arusi ya ndugu yake. Napenda kupita mahali palepale, kwa mwendo unaoniruhusu kuona, mwili wote ukiwa macho. Kutembea hakunipi hilo. Nikitembea nawaza ada na madeni.

Nadhani mumeo anashindwa kujibu kwa sababu unamuuliza anapata nini. Akirudi mpe maji, mwache atulie, kisha muulize ameona nini njiani.

NgombeWatatu_Iten:
Mwalimu amesema ukweli. Huku kwetu Iten, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kukimbia ni kazi. Kijana anakimbia ili amnunulie mamake shamba. Mimi nilikuwa mweka kasi kwenye mbio za Ulaya misimu miwili: unaongoza wenye mbio hadi kilomita 25, kisha unatoka kando. Nikaumia kano ya kisigino, meneja akaacha kushika simu zangu. Mwaka mzima sikutaka hata kuona viatu vya mbio. Asubuhi moja nikiwa nakamua, kikundi kikapita nyuma ya ua. Sikuwaona. Nilisikia miguu tu, yote kwa mpigo mmoja, na kwa ule mlio nikajua leo wanaenda polepole, ni siku ya kupumzisha mwili. Nikaweka ndoo chini nikawafuata na gambuti zangu mpaka kona ya kwanza. Siku hizi nakimbia bila saa, na nikifika kilomita 25 sitoki. Naendelea.

MamaWawili_Kimara:
Shikamoo Mwalimu. Asante sana, na asante kaka wa Iten. Leo nimefanya ulivyosema. Amekunywa maji, nikamuuliza ameona nini. Ameongea dakika kumi mfululizo! Basi la kwanza la mwendokasi likipita tupu, taa zote zimewaka, huwa anasimama kulitazama. Na kuna mama wa vitumbua pale Kimara Korogwe, wanasalimiana kila alfajiri anapowasha jiko, mwanawe akimmulikia kwa tochi ya simu. Sasa ni siku ya pili huyo mama haonekani, meza imefunikwa turubai. Ana wasiwasi. Tumekubaliana Jumamosi twende wote kwa miguu tukaulizie.